Bibi Harusi wa Maonyesho

Mwanamume anayekupenda hakutafutii bwana harusi mwingine. Mie hilo nalijua tangu sijavunja ungo, na Msasani nzima inalijua, isipokuwa Jamali, ambaye alisoma kila kitabu kilichokuwa makumbusho na hilo likampita.

Siku ninayoisimulia nilikuwa nimekaa juu ya kitanda cha besera, chenye nguzo nne na paa la kitambaa, hina mikononi na miguuni, asumini kichwani, nimefunikwa kanga mpya ya kisutu inayonukia udi, na jasho linanitiririka mgongoni. Upande wa pili wa pazia, mchumba wangu mwenyewe alikuwa anawaeleza wageni, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, jinsi ninavyoozwa kwa mtu mwingine. Na alikuwa anaeleza vizuri sana. Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikianzia hapo mtadhani nina wazimu, na mwenye wazimu siku ile hakuwa mie.

Mkabala wa Msasani kuna kisiwa kidogo tunakiita Kitutu. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, fungu la mchanga hutokeza na watu huvuka kwa miguu, viatu mkononi. Maji yakishajaa, huvuki mpaka upate chombo. Enzi za Mjerumani palikuwa na nyumba ya mlinda taa, na Waingereza walipoikuta tupu wakaifanya makumbusho. Vyumba viwili tu. Kimoja cha elimu ya viumbe, kina kombe, papa waliokaushwa, darubini ya kutazamia nyota, na mifupa ya nyangumi imening'inizwa darini kutoka ukuta hadi ukuta. Kingine cha historia, kina vigae vya sahani za kale, mikeka, kinu, na milango ya nakshi iliyong'olewa sijui kwa nani. Kila masika yakiisha, njia zikikauka, makumbusho hufungua msimu wa shughuli, na watu huja kutoka Kinondoni, Temeke mpaka Mbagala kuangalia.

Mie niliingia pale kutengeneza mikeka ya zamani iliyoliwa na mchwa. Baadaye wakaniongezea kuwatembeza akina mama siku za wanawake, kwa sababu akina mama hawakutaki uwaeleze habari za viumbe kuzaliana ukiwa na ndevu. Mwenye ndevu alikuwa Jamali. Kijana wa Kilosa, mrefu, sauti ya taratibu, aliyekuja Dar es Salaam kusoma akabaki. Alikuwa na tabia moja mbaya sana: ukimwendea umekasirika, anaacha anachofanya, anakuangalia kwa yale macho yake, anakusikiliza mpaka mwisho, na wewe mwenyewe unasahau ulichokuja kumgombezea. Hilo ndilo lililoniponza.

Alisema ataleta posa baada ya Usiku wa Nyota. Usiku wa Nyota ukaja na mawingu, ukasogezwa mbele, na posa yangu nayo ikasogezwa. Akasema basi, baada ya Wiki ya Kombe. Baada ya Wiki ya Kombe, nyangumi akatupwa na bahari ufukweni Kunduchi, na Jamali akahamia huko kuchemsha mifupa. Akarudi ananuka, ananuka jamani, watu wakimpisha njiani, na mie nikampenda hivyo hivyo nimeziba pua. Nikamuuliza, sasa je. Akasema nyangumi akishapanda darini.

Nyangumi akapanda darini. Wakati huo nyumbani kwetu akawa ameshaingia Bwana Mfaume. Huyu alikuwa mfiwa wa mke, ana shamba la minazi Mbagala na mashua ya injini ya kubebea nazi, mtu mzima, mtaratibu, hana neno baya na mtu. Alileta posa kama inavyoletwa, na wazee, na heshima zake. Baba, Mzee Kondo, seremala wa vitanda na milango, akampokea kwa furaha, kisha akaniita akaniuliza. Nikasema bado nafikiri. Kwetu sie baba hamwozi mwali pasi na kumuuliza, na baba yangu hilo alilishika, Mungu amlipe. Lakini kila jioni alikuwa akiniangalia wakati wa chakula kama mtu anayesubiri chai ipoe. Na Jamali kwake alikuwa na jina moja tu, mchunga mifupa.

"Mtu gani huyo," alikuwa akisema, "anawahutubia watu habari za samaki saa nzima, halafu akinikuta njiani ananipa shikamoo na kukimbia?"

 Ni kweli alikuwa anakimbia.

Basi mwaka ule msimu ulikuwa unafungwa kwa Siku ya Mila za Pwani, na Jamali akaja na wazo. Tuonyeshe harusi, mwanzo hadi mwisho: somo anavyompamba mwali, pazia, kuulizwa, kuozwa, mpaka pilau. Mie niwe bibi harusi, yeye awe bwana harusi. Alinieleza hilo huku hanitazami, anachezea kifuniko cha darubini, na masikio yamemwiva. Nikaelewa. Nikasema moyoni, haya, mwoga wangu amepata mlango wa uani. Atasimama mbele ya baba amevaa kanzu, baba atamzoea, maneno yatapata njia. Nilifurahi mpaka nikamwomba baba kitanda. Na si kitanda chochote, ni kile cha besera alichokuwa ananichongea mie kwa siku yangu, bado hakijalaliwa. Baba alinung'unika, akakitoa.

Siku mbili kabla ya shughuli, Shangazi Tabu akaingia jikoni. Shangazi ni dada wa baba, mkubwa wake, ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ana mdomo. Aliketi juu ya kibao cha mbuzi, akashika magoti, akaniuliza kama ni kweli nimekubali kukaa na Mfaume. Nikamuuliza kukaa wapi. Akasema kwenye maonyesho. Alikuwa amekutana na Mfaume mwenyewe dukani ananunua joho. Bwana Mkubwa wa makumbusho, Mwingereza, hakuwa na mtu wa kuwaeleza wageni kwa lugha mbili ila Jamali, kwa hiyo Jamali ataeleza. Na Mfaume alikuwa amejitolea mashua ya kuwarudisha wageni maji yakijaa, akaomba yeye awe bwana harusi, na Jamali akasema sawa, ahsante sana.

Akasema ahsante sana. Khaa.

"Na kaka yangu umemsikia?" Shangazi akaniuliza. Sikuwa nimemsikia, nikamsikia jioni ile ile. Baba alikuwa anakula, mkono uko kwenye wali, akatangaza bila kuinua kichwa kwamba yeye kama baba wa mwali ameombwa aje atamke maneno, na atakwenda. Lakini tujue mapema, maneno ya ndoa yeye hatamki kwa mzaha. Akiuliza, ameuliza. Akiozesha, ameozesha.

Shangazi akanivuta uani. Akanikumbusha jambo ambalo kila mtoto aliyekaa chuo cha Kurani analijua, kwamba ndoa ni katika yale mambo ambayo hata ukiyafanya kwa mchezo yamefanyika. Baba yupo, mashahidi wapo, mahari ipo, bwana atasema nimekubali. Wewe utaulizwa mara tatu nyuma ya pazia na utanyamaza, kwa sababu mwali hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Ukitoka nyuma ya pazia hilo, akasema, usije ukaniuliza njia ya Msasani, utakuwa unakwenda Mbagala.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikavuka fungu peke yangu, buibui nimelikunja mpaka magotini, nikamkuta Jamali chini ya nyangumi. Alikuwa juu ya ngazi, anapangusa ubavu kwa brashi ya rangi, taratibu, kama anamwogesha mtoto.

"Jamali, shuka."

"Namalizia huu ubavu mmoja."

"Shuka mwenyewe, au nivute ngazi."

Akashuka. Vumbi la chokaa limemkaa kwenye kope. Nikamweleza yote, ya Shangazi na ya baba, nikamweleza na joho. Akasikiliza kwa lile sikio lake zuri, akasema Mungu anajua nia yetu ni maonyesho tu.

"Mungu anajua," nikasema. "Mfaume je? Baba yangu je? Umempa mtu nafasi yako, Jamali. Kwa ajili ya mashua."

"Wageni watarudije, Mwana? Maji yatajaa."

"Walale hapa na nyangumi wako."

Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. Nikamwambia kuna njia moja rahisi. Avuke sasa hivi, maji yangali nje, aende karakana kwa baba, amwambie neno moja tu, namtaka binti yako. Akainamisha kichwa. Brashi ikawa inageuka geuka vidoleni mwake.

"Nitakwendaje peke yangu?" akasema. "Posa inaletwa na wazee. Wazee wangu wote wako Kilosa, chini ya ardhi. Mfaume amekuja na watu wanne wenye vilemba. Mie nitasimama pale na nani? Baba yako ataona nimemdharau yeye na nyumba yake. Ngoja hii shughuli ipite, nitafute watu wa kuniposea, baada ya hapo..."

"Baada ya hapo nitakuwa mke wa mtu."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Huyu nyangumi amekufa, Jamali. Ukimwacha miaka kumi utamkuta pale pale, kinywa wazi, anakungoja. Mie mzima."

 Aliniangalia. Halafu akanyoosha mkono, akaondoa uzi wa buibui kwenye buibui langu, maana yule mdudu alikuwa amenitandia begani, na vidole vyake vikakaa pale kitambo kidogo kuliko ilivyohitaji uzi. Mwili wote ukanisisimka. Nilitamani kumpiga na nilitamani aache mkono pale pale mpaka bamvua lijalo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amepata njia: atamwomba mzee aulize mara mbili tu, sio tatu. Swali la tatu lisipoulizwa, hakuna ndoa. Yeye mwenyewe atakuwa amesimama pale na fimbo, atasema tumeishia hapa, wageni tugeukie pilau.

"Naapa, Mwana. Mara ya pili nitasimamisha."

Nikaondoka kabla sijalainika zaidi. Njiani, maji yakinigusa vifundo, nikajisema mjinga wewe, umeshalainika.

Siku yenyewe watu walivuka kwa wingi sijapata kuona. Akina mama wa Msasani kwa kanga za sare, walimu na wake zao, mafundi wa Temeke, Bwana Mkubwa na wazungu wenzake wakiwa wamekunja suruali kwenye mchanga. Mie nilikuwa nimeingizwa mapema chumba cha historia, pazia limetundikwa kwenye mlango wa kutokea chumba cha nyangumi, na Shangazi Tabu, kwa kuwa ndiye somo, akanipamba. Hakuwa akinipamba kwa maonyesho. Hina ilikuwa hina, piko ilikuwa piko. Nikamwambia asijisumbue sana. Akasema mwali wake hatatoka ovyo hata akiozwa kwa papa mkavu.

Kisha akachungulia pazia na kurudi, midomo ameibana. Mfaume amefika. Kanzu ya hariri, joho jipya, kilemba, na mashahidi wake wawili aliotoka nao Mbagala, watu wazima wenye tasbihi. Mahari amekuja nayo, imefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Huyu hakuja kuigiza," Shangazi akasema.

Nikamwambia Jamali atasimamisha mara ya pili. Shangazi akaniangalia, akavuta pumzi, akanifunika kisutu. Hakusema kitu, na kwa Shangazi hilo ni jambo kubwa.

Ndipo ikaanza. Jamali akafungua kwa salamu, sauti yake inatoka chini ya nyangumi inanijia safi kabisa. Akaeleza udi. Akaeleza besera, akawataka wageni watazame kupitia upenyo wa pazia jinsi miguu ya kitanda ilivyokerezwa, na baba nikamsikia akikohoa kwa fahari. Akanieleza na mie. Nilielezwa kama konokono. Hapa mtaona nyayo zimetiwa piko, rangi nyeusi. Hapa mtaona asumini. Alikuwa anagonga fimbo sakafuni kila akimaliza jambo moja, tok, na kila tok ilikuwa inaniingia kwenye meno.

"Sasa baba atakuja nyuma ya pazia na mashahidi," akasema. "Atamuuliza binti yake mara tatu. Bibi harusi hasemi kitu. Kunyamaza kwake ndilo jibu."

Akalitafsiri. Wazungu wakacheka kidogo kwa adabu, mmoja akauliza kitu, Jamali akajibu kwamba ndiyo, siku zote hunyamaza.

Baba akaingia. Alivaa kanzu yake ya Idi. Alisimama upande wa kichwa cha kitanda alichokichonga kwa mikono yake, mashahidi wa Mfaume nyuma yake, akaniita kwa jina langu lote, Mwanaheri binti Kondo, nami nikajua papo hapo kwamba si mchezo. Baba huniita Mwana. Akauliza, niko radhi anioze kwa Mfaume?

Nikanyamaza. Tok. Hiyo ni mara ya kwanza, Jamali akawaambia watu.

Baba akauliza tena. Nikanyamaza tena, lakini safari hii nilikuwa nimeshika kisutu kwa ndani mpaka vidole vimekufa ganzi. Nikasema kimoyomoyo, haya, sasa. Tumeishia hapa. Sema, Jamali. Nikamsikia akivuta pumzi. Nikamsikia akianza, "Kwa hiyo mabibi na mabwana, hapa tunaweza..." na sauti ya Bwana Mkubwa ikaingilia, kwa Kiingereza, kwamba la, la, waendelee, mpaka mwisho, ni jambo la kupendeza.   Nikaomba kila dua niliyofundishwa.

Tok.

"Hiyo ni mara ya pili," Jamali akasema. "Sasa... mara ya tatu."

Wallahi sijapata kumchukia mtu namna ile, na sijapata kumpenda mtu namna ile, vyote kwa pamoja chini ya kitambaa kimoja. Miaka miwili nimengoja nyota, kombe na nyangumi. Nimenyamaza nyumbani, nimenyamaza kazini, na sasa natakiwa ninyamaze mara moja zaidi, ndipo mambo yangu yaishe.

Baba akauliza mara ya tatu.

"Baba," nikasema, "siko radhi."

Nilisema kwa sauti yangu ya kuitia watu uwanjani. Mashahidi wakarudi nyuma hatua. Baba akainama kama hakusikia, akaniuliza nasemaje.

"Siko radhi, Baba. Bwana Mfaume ni mtu mwema na sina ubaya naye. Lakini mie namtaka Jamali. Aliye pale nje na fimbo. Unisamehe kwa kukuaibisha."

Upande wa pili wa pazia nikasikia kamba za nyangumi zinalia. Halafu akina mama wa Msasani wakaanza kunong'ona wote kwa pamoja, na juu ya manong'ono hayo nikamsikia Bwana Mkubwa akimuuliza Jamali, bibi harusi amesema nini.

Na Jamali hakujibu. Mtu aliyetafsiri udi, besera na piko, alikuwa amekwama. Bwana Mkubwa akauliza tena, kwa ukali sasa. Shangazi Tabu akasogeza pazia kwa kidole kimoja ili naye aone, na kwa upenyo ule nami nikaona. Jamali alikuwa amesimama chini ya mbavu, fimbo mkononi, jasho linamtoka. Mbele yake Bwana wake, kulia kwake Mfaume na joho lake, na kwenye mlango wa pazia baba yangu, aliyekuwa ametoka na sasa anamtazama. Akageuza uso, macho yake yakakutana na yangu kwenye upenyo. Sikumwonea huruma. Nikamkazia macho tu, basi.

Akasema. Kwanza kwa Kiingereza, maneno machache, na wazungu wakaacha kutabasamu. Baba akamuuliza amewaambia nini hao.

"Nimewaambia amemkataa Bwana Mfaume," Jamali akasema kwa Kiswahili, polepole, kila mtu anasikia. "Nimewaambia anayemtaka ni mimi. Na nimewaambia nami namtaka, tangu zamani, na sikuthubutu kuja kwako, Mzee Kondo, kwa sababu sina mtu wa kuniposea. Hilo la mwisho hakulisema yeye. Nimeliongeza mimi."

Bwana Mkubwa akamwambia kitu kifupi, nikashika neno moja tu, ofisini. Jamali akaitikia kwa kichwa. Akaenda akaiegesha ile fimbo kwenye taya la nyangumi, akarudi mikono mitupu.

Mfaume alisimama. Nitamsifu, hakutukana mtu. Akamwambia baba kwamba yeye hakuja kuigiza, na Mzee Kondo analijua hilo, na kwamba mtu akishakataliwa mbele ya Msasani, Temeke na Mbagala hana la kungoja tena. Akachukua kitambaa chake cheupe, akawaita mashahidi wake, wakatoka. Punde tukasikia injini. Mashua iliondoka na watu watatu ndani, na wageni wote wakakimbilia madirishani, wakaona fungu la mchanga limeshafunikwa na maji yanazidi kuja.

Ikawa hakuna wa kwenda popote mpaka maji yatoke. Akina mama wakafungua masufuria ya pilau, maana ile nayo ilikuwa pilau ya kweli. Bwana Mkubwa akawatembeza wageni wake kwenye kombe, akawarudisha tena kwenye kombe, uso mwekundu. Na baba yangu akajikuta amekaa juu ya mkeka chini ya nyangumi, kisiwani, ana kwa ana na mkwe asiyemtaka, na bahari pande zote. Alimtazama muda mrefu.

"Leo huna pa kukimbilia," akasema.

"Sina, mzee."

"Na huna mtu wa kukusemea. Posa haisemwi na mwenyewe, hilo silijui mie tu, hata wewe umewaeleza wazungu."

 Hapo Shangazi Tabu akatoka nyuma ya pazia. Akapita mbele ya kaka yake, aliyezoea kumwona upande wake tangu wamezaliwa, akazunguka mkeka, akajishusha kwa kuguna karibu na Jamali. Akatandaza kanga yake magotini.

"Nisemeshe mimi, kaka," akasema. "Huyu ni wetu. Tumekuja kuposa."

Baba akamwangalia dada yake. Nikaona bega lake moja likitikisika, nikadhani analia, kumbe anajizuia kucheka. Kisha akaanza kuuliza kama inavyoulizwa: ukoo gani, kazi gani, swala tano anasali, atamweka wapi mtoto wa watu. Alipofika kwenye kazi, Jamali akasema kweli kwamba kuanzia kesho huenda hana.  Baba akatazama kwa upenyo kitanda chake cha besera, akasema karakana inahitaji mtu mwenye mkono wa subira wa kupiga msasa, na kwamba amemwona anavyoogesha mifupa.

Nilikuwa nimekaa vile vile, kisutu kichwani, sithubutu kujikuna. Jua lilikuwa limegeukia dirisha la pili. Pazia likafunguka, baba akaingia peke yake, bila mashahidi, akasimama kichwani mwa kitanda. Safari hii hakuniita kwa jina refu.

"Mwana," akasema. "Hapa hapana harusi leo, mie si mwendawazimu. Wataleta posa nyumbani, kwa heshima. Nakuuliza tu nijue la kuwajibu. Nikubali?"

Maneno yalinijaa kinywani. Nilikuwa nayo ya miaka miwili, ya nyota na ya kombe, na mengine ya kumwambia Jamali kuhusu mtu anayesema ahsante sana. Nikayameza yote, nikainamisha kichwa, nikanyamaza.

Baba akangoja. Nami nikazidi kunyamaza. Nikasikia anapiga kofi dogo kwenye ubao wa besera, kama anavyofanya kazi ikimalizika, akatoka.

Upande wa pili, Jamali kwa kiherehere chake akaanza kuwaeleza akina mama, "Kunyamaza kwa bibi harusi..." na Shangazi Tabu akamwambia, mwanangu, na wewe nyamaza.